Moli wangu ana tumbo wiki ya saba, hazai. Na gapi hawakui kabisa

Baba Nasra wa Tabata
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni msaada kwa wanaofuga samaki wa mapambo.

Sikukuu ya Sabasaba nilimtoa binti yangu matembezi, ana miaka 8, tukarudi nyumbani na samaki. Fundi wa vioo hapa mtaani akatutengenezea tenki la sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Ndani kuna moli weusi watatu, plati wanne wa rangi ya chungwa, gapi kumi, na yule msafishaji anayenyonya kioo.

Muuzaji alisema moli mmoja ana mimba, "wiki ijayo anazaa". Nasra akachora kalenda, kaibandika ukutani, kila asubuhi anatia alama kabla ya kwenda shule. Leo alama ni 49. Tumbo lipo. Kuna siku niliamka nikaliona limesinyaa, nikajua tayari, tukatafuta watoto kila kona ya tenki na tochi ya simu, hakuna kitu. Baadaye likajaa tena. Sasa ni mimba gani hii?

Halafu gapi. Madume wako vilevile kama siku ya kwanza. Kuna majike wawili watatu wameongezeka mwili, lakini madume hawasogei. Mke wangu anasema nawanyima chakula.

Na plati mmoja naye tumbo limeanza kuvimba tangu juzi, kwa hiyo huenda nina wazazi wawili. Niwatenge?

Chinga wa Mjini
Jumapili, saa 3:22 usiku

Mkuu umefungua wodi ya wazazi sebuleni. Ngoja waje wakunga, mimi nimekaa pale na karanga zangu.

Perege wa Chanika
Jumapili, saa 3:41 usiku

Samaki hazai, samaki anataga. Mimi nina bwawa la perege mwaka wa nne huu. Jike anaweka mayai mdomoni, anakaa nayo humo hata chakula hali, mpaka vifaranga watoke. Ukimwona kidevu kimevimba ujue ana mzigo. Huyo muuzaji amekupiga, tumbo hilo ni shibe tu.

Mzee wa Vidimbwi
Jumapili, saa 4:05 usiku

Chanika, kwa perege umesema kweli tupu. Ila hawa wa mwenzio ni ukoo mwingine kabisa. Gapi, moli, plati na mkia-upanga kwao ni Amerika: Meksiko, Amerika ya Kati, gapi wakitokea Venezuela, Trinidad na visiwa vya jirani. Yai la hawa halitoki nje. Linarutubishwa tumboni, mtoto anakulia humohumo akila kiini chake, na siku ya kutoka anatoka samaki kamili, anaogelea, ana macho, ana njaa. Hakuna kulala kwenye majani wala kukaa mdomoni kwa mama.

Baba Nasra, kabla sijasema kitu nijibu haya. Maji ni ya bomba au kisima? Unabadilisha lini na kiasi gani? Unawapa chakula gani, mara ngapi? Kati ya moli watatu yupo dume? Na humo ndani kuna majani au sehemu yoyote ya kujificha? Mwisho, ile siku tumbo lilisinyaa, kalenda ya mtoto ilikuwa na alama ngapi?

Baba Nasra wa Tabata
Jumapili, saa 4:30 usiku

Shikamoo mzee. Maji ya bomba. Nabadilisha yote mara moja kwa mwezi, naosha na kokoto mpaka zinang'aa. Chakula ni kile cha vipande vyepesi vya kuelea, mara moja asubuhi nikiwahi kazini. Majani hakuna, kuna ngome moja ya plastiki. Dume wa moli yupo, tena msumbufu, anawafukuza wenzake kutwa.

Nimemwamsha Nasra kumuuliza alama (mama yake kanuna). Anasema ilikuwa ya 17, anaikumbuka kwa sababu alichora uso unaolia.

Mzee wa Vidimbwi
Jumapili, saa 5:02 usiku

Marahaba. Huyo mtoto ni mtafiti kuliko sisi.

Moli wako alizaa alama ya 17. Alizaa usiku au alfajiri, kama wengi wao wanavyopenda, na mpaka mnaamka watoto walikuwa wameshaliwa. Nani kawala? Wote. Gapi, plati, moli wenzake, na mama mwenyewe. Samaki hawa hawalei. Kikipita kitu kidogo chenye kucheza mbele ya mdomo, ni chakula. Tenki lako halina jani hata moja, mtoto wa sentimita moja angejificha wapi, kwenye ngome ya plastiki?

Sasa tupige hesabu. Kutoka alama ya 17 mpaka 49 ni siku 32. Gapi huzaa kila baada ya wiki tatu hadi nne na kitu. Moli huchukua kama wiki nne, wengine wanavuta mpaka sita. Maji yakiwa ya joto mimba inakwenda haraka, yakipoa inachelewa, na huu msimu wa Juni hadi Agosti asubuhi za Dar zina ubaridi wake. Kwa hiyo huyo mama yuko mlangoni. Tumbo unaloliona leo ni uzao wa pili, sio ule aliokuja nao.

Usimguse. Usimvue kwa wavu, usimtie kwenye kile kiboksi cha kuzalishia wanachouza. Jike aliyekaribia akishtuliwa anaweza kutoa watoto kabla hawajaiva, unawaona wametoka na kiini bado kinaning'inia tumboni, hao hawakai. Fanya hivi: nunua kamba mpya ya nailoni, ile ya kijani ya kufungia mizigo. Kata vipande kama urefu wa kiganja, chambua nyuzinyuzi mpaka iwe kama nywele, tia maji ya moto, suuza. Funga kishada kwenye kizibo cha chupa kielee juu, na kishada kingine kifunge kwenye jiwe kikae chini. Jaza upande mmoja wa tenki. Watoto wakitoka wanakimbilia humo, wakubwa hawapenyi.

Habari ya maji na kokoto nitarudi kesho, inataka utulivu.

Mama Gapi Sinza
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mzee kamaliza upande wa moli. Mimi nizungumzie gapi, ndio riziki yangu ndogo hapa nyumbani. Nina mabeseni tisa uani na daftari.

Kaka yangu, hao madume hawajadumaa. Wameshamaliza kukua. Dume wa gapi akishapevuka, lile pezi la chini nyuma ya tumbo linabadilika kuwa kijiti (gonopodiamu, ndicho chombo chake cha kazi), na kuanzia hapo urefu unasimama, au unaongezeka kidogo sana. Ataishi hivyohivyo na sentimita zake mbili na nusu, tatu na ushee ukijumlisha mkia. Jike yeye anaendelea kukua hata baada ya kuzaa, polepole, mpaka sentimita 5 hivi, wengine sita. Ndiyo maana majike umewaona wameongezeka na madume hawasogei. Mwambie shemeji chakula hakihusiki hapo. Kwa dukani wanauza madume waliokwisha kuvaa rangi, maana rangi ndiyo inayouza, na rangi haiji kabla ya upevu. Kwa hiyo ulinunua watu wazima.

Kukua utakuona kwa watoto. Wangu wanazaliwa milimita 6 au 7. Mwezi mmoja wakilishwa vizuri wanafika sentimita moja na robo, moja na nusu. Hapo ndipo unaanza kutofautisha: jike ana doa jeusi karibu na njia ya haja na pezi lake la chini limefunguka kama feni, dume pezi linaanza kuchongoka. Ukifika hapo watenge. Usisubiri miezi mitatu. Miezi miwili tu dada mtu ana mimba ya kaka yake, na jike aliyezaa akiwa mdogo mara nyingi habaki na mwili wa kukua, nguvu yote imekwenda kwenye watoto. Uzao wa kwanza kwangu huwa vichwa vitano, sita, nane. Jike mzima mwenye mwaka anatoa 30, 40. Niliwahi kuhesabu 62 kwa jike mmoja, nikarudia kuhesabu maana sikuamini.

Na mara moja kwa siku ni kidogo kwa watoto. Tumbo lao ni dogo kama kichwa cha sindano. Mara nne, tano, lakini chembe chembe. Kwa wakubwa mara mbili inatosha.

Kijana wa Mbezi
Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Lakini si inajulikana samaki hukua kwa kadiri ya tenki? Ukimweka padogo anajipima mwenyewe anabaki mdogo. Mimi ndivyo nilivyoambiwa nilipokuwa nanunua.

Mzee wa Vidimbwi
Jumatatu, saa 4:20 asubuhi

Ndivyo wote tunavyoambiwa, kwa sababu neno hilo linauza samaki kwa mtu mwenye bakuli.

Samaki hana futi ya kupimia kioo. Kinachomzuia ni maji anayoyaoga. Kadiri mnavyobanana, ndivyo mikojo na mabaki ya chakula yanavyogeuka amonia, kisha naitraiti (zote mbili sumu kwa samaki), kisha naitreti. Bakteria wanaoishi kwenye filta na kokoto ndio wanaofanya kazi hiyo ya kugeuza. Naitreti ikijazana, samaki hafi leo, anakula lakini mwili haupandi. Mtoto akikosa ukuaji miezi miwili ya mwanzo, hata umhamishie Bahari ya Hindi halipwi deni lote. Mgongo unapinda, kichwa kikubwa mwili mwembamba. Hicho mnachokiita kujipima ni kudumaa, sawa na mtoto wa binadamu.

Mfano upo humohumo kwa Baba Nasra. Yule msafishaji anayenyonya kioo, dukani ana sentimita 5. Huyo kwa kawaida yake ni samaki wa sentimita 30 mpaka 45. Katika tenki la sentimita 60 atageukaje? Mtafutie mwenye bwawa mapema.

Sasa Baba Nasra, kosa lako hili hapa. Ukibadilisha maji yote na kuosha kokoto mpaka zing'ae, unawaua wale bakteria kila mwezi, na samaki wanaanza maisha upya kwenye amonia. Juu yake maji ya bomba yana klorini. Acha hiyo kazi. Kila wiki toa robo ya maji, au theluthi, kwa kunyonya na mpira kutoka chini kwenye uchafu. Maji mapya yalale kwenye ndoo wazi usiku kucha, kesho yake mimina taratibu. Sponji ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tenkini, usiipeleke bombani. Mwezi mmoja tu utaona tofauti, hata rangi ya moli itakolea.

Moli pia anapenda maji magumu, yenye madini. Kwao wengine wanaishi mpaka kwenye midomo ya mito, pale maji baridi na ya bahari yanapochanganyika. Mimi kisima changu huku Kigamboni maji yana chumvi mpaka chai inakataa sukari, familia inanung'unika, lakini moli wananona kama wako sikukuu. Kwa maji laini utamwona anatikisika palepale, mwili unayumba kama anatetemeka na haendi popote. Ukiona hivyo chukua makombe ya pwani, yaoshe, yachemshe, yatie wachache ndani. Yanayeyuka polepole na kuyapa maji ugumu.

Dada wa Kimara
Jumatatu, saa 7:05 mchana

Samahani naingilia uzi. Nina plati mmoja tu, jike, wenzake walikufa mwezi wa nne. Amezaa mara tatu tangu hapo. Dume hakuna nyumba nzima. Watu kazini wananiambia nimpeleke kuombewa.

Mama Gapi Sinza
Jumatatu, saa 7:30 mchana

Hahaha dada acha maombi. Jike akikutana na dume mara moja anaweka akiba ya mbegu mwilini mwake, anaitumia kidogo kidogo miezi kadhaa. Ndiyo maana hata ukinunua jike mmoja dukani usijidanganye kuwa umenunua samaki mmoja. Kama alikaa na madume, amekuja na familia.

Dada wa Kimara
Jumatatu, saa 7:33 mchana

Kumbe! Asante. Nilishaanza kumheshimu.

Fundi Mabati
Jumatatu, saa 12:15 jioni

Na mimi kuna kitu kinanisumbua. Jike wangu wa mkia-upanga kageuka dume. Mwaka mzima hana upanga, ghafla mkia ukaanza kuchomoza ncha chini. Hii sayansi yake vipi?

Mwalimu wa Bailojia
Jumatatu, saa 1:50 usiku

Mara nyingi huyo hakuwa jike tangu mwanzo. Kwa mkia-upanga na plati wapo madume wanaopevuka mapema wakiwa wadogo, na wapo wanaochelewa sana. Hii ni ya kurithi. Anayechelewa anaendelea kukua muda wote huo kwa sababu, kama Mama Gapi alivyosema, urefu unasimama dume anapopevuka. Kwa hiyo unamwona mkubwa, mnene, hana upanga, unamwita mama. Siku homoni zikiamka unasema kageuka. Swali la kujiuliza: huyo "jike" uliwahi kumwona akizaa?

Kuhusu ukubwa wa gapi kuna jambo naliona zuri sana, ngoja nilisogeze. Mito ya kaskazini mwa Trinidad ina maporomoko. Chini ya poromoko kuna samaki wakubwa wanaokula gapi, juu yake hawapo, yupo mmoja mdogo tu anayekula watoto. Gapi wa chini wanapevuka mapema wakiwa wadogo, wanazaa watoto wengi na wadogo: kesho huna uhakika nayo, zaa leo. Wa juu wanachelewa, wanakuwa wakubwa kidogo, wanazaa wachache lakini wenye mwili. Mtafiti David Reznick na wenzake waliwahamisha gapi wa chini wakawaweka juu kwenye vijito visivyo na gapi, wakasubiri. Mwaka 1990 walichapisha kwamba baada ya miaka 11, vizazi 30 hadi 60, wale waliohamishwa walikuwa wamebadilika, wanachelewa kupevuka na kuzaa watoto wakubwa. Na ilibaki hivyo hata wajukuu walipolelewa kwenye matenki ya maabara, yaani imeingia kwenye damu. Sasa sisi tunawaona kwenye beseni tunadhani ni mapambo tu.

Fundi Mabati
Jumatatu, saa 2:04 usiku

Hajawahi kuzaa. Nimekusoma mwalimu.

Baba Nasra wa Tabata
Jumanne, saa 12:40 jioni

Mrejesho. Kamba nimenunua Kariakoo, nyuzi zimeingia, Nasra anaziita nywele za nguva. Maji nimetoa robo.

Lakini yule plati simwelewi. Tumbo limekuwa duara kama gololi, hali chakula, kajilaza pembeni. Picha nimeweka. Huyu naye anazaa leo?

Mama Gapi Sinza
Jumanne, saa 12:58 jioni

Kaka, simama utazame tenki kwa juu, sio kwa ubavu. Magamba yamelala au yamesimama?

Baba Nasra wa Tabata
Jumanne, saa 1:06 usiku

Yamesimama. Kama tunda la mvinje.

Mama Gapi Sinza
Jumanne, saa 1:15 usiku

Pole. Hiyo sio mimba. Tumbo la mimba linajaa kwa mbele na chini, siku za mwisho ukimtazama ubavuni linakuwa kama limekatwa pembe, mraba mraba, na magamba yanabaki yamelala laini. Kwa plati wa rangi ya mwanga na gapi utaona doa la mimba limekuwa kubwa na jeusi, ukimulika unaweza hata kuona vijicho vya watoto ndani. (Kwa moli mweusi doa usilitafute, rangi imelificha. Wewe shika kalenda na umbo.) Tumbo lililojaa pande zote likasimamisha magamba ni maji yamejaa mwilini, figo zimeshindwa, mara nyingi ni bakteria waliomkuta amechoka na maji mabaya.

Mtenge kwenye ndoo yenye hewa, tia chumvi ya haluli (Epsom), kijiko kimoja cha chai cha kufuta kwa lita 20. Sio chumvi ya jikoni, haluli. Inasaidia kuvuta maji. Sitakudanganya lakini, magamba yakishasimama wengi hawarudi.

Na wengine wakiota tumbo huku wakikonda mgongo, chungulia njia ya haja. Ukiona vijiuzi vyekundu vinachungulia, ni minyoo, inawapenda sana samaki hawa. Dawa yake ni levamisole, ile ya mifugo, maduka ya kilimo wanayo. Uliza kipimo kwanza, usikadirie kwa macho.

Baba Nasra wa Tabata
Jumatano, saa 11:52 alfajiri

Plati amekufa usiku. Nasra bado hajaamka, sijui nitaanzaje.

Halafu nikageukia tenki kubwa kwa tochi. Wakuu. KUNA WATOTO. Wadogo weusi kama mbegu za papai zenye macho, wamejaa kwenye nyuzi. Moli mama kabana kwenye pembe, tumbo limetoweka, na nikiwa natazama katoka mwingine, kaanguka mpaka chini kama amekufa, kisha huyo, kapanda. Yule dume ana kazi ya kuzunguka kishada anatafuta upenyo. Nimehesabu 23, nikapoteza hesabu.

Mzee wa Vidimbwi
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Siku ya 35. Hongereni.

Sasa chota watoto kwa kikombe, sio kwa wavu, wahamishe kwenye beseni lenye maji ya tenki hilohilo na mpira wa hewa unaotoa povu dogo. Usiwaache humo siku zote, dume huyo atajifunza njia. Mama mwache apumzike, na kama una pa kumweka dume siku mbili tatu, mtoe. Jike akimaliza kuzaa tu anafukuzwa upya. Ndiyo maana watu huweka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, usumbufu ugawanyike.

Kijana wa Mbezi
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Mlishe viluwiluwi mkuu, bure kabisa. Weka ndoo ya maji nje siku tatu nne, mbu wenyewe wanakuletea.

Mama Gapi Sinza
Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Kijana, viluwiluwi ni chakula bora, sibishi, na gapi wamepelekwa nchi nyingi duniani kwa kazi hiyohiyo ya kula viluwiluwi. Ila 2019 dengi ilivyotuchapa Dar hii umesahau? Yule mbu wa dengi anazaliana kwenye ndoo safi kama hiyohiyo yako. Ukisafiri siku mbili umewaachia mtaa mzima. Mimi nilikuwa nafuga, niliacha mwaka ule, mwanangu alilazwa.

Baba Nasra, chakula chenu hichohicho kisage kwa vidole mpaka kiwe unga. Siku moja moja kiini cha yai la kuchemsha, ncha ya njiti ya meno tu, maana yai linaozesha maji upesi. Ukipata mayai ya artemia, vile vijidudu vidogo vya majini, ya kuangua kwenye maji ya chumvi, hapo watoto watakimbia kukua. Kila siku toa kikombe cha maji ya chini chenye mabaki, rudisha safi.

Chinga wa Mjini
Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Karanga zimeisha. Plati je, mtoto umemwambia?

Baba Nasra wa Tabata
Jumatano, saa 2:45 usiku

Nilimwambia habari mbili kwa pamoja, mbaya kwanza. Tumemzika plati kwenye boksi la kiberiti chini ya mwembe wa jirani. Alilia kidogo, kisha akauliza kama watoto wamekula.

Baba Nasra wa Tabata
Jumamosi, saa 4:10 asubuhi, mwezi mmoja baadaye

Wakuu narudi kama nilivyoahidi.

Kati ya watoto 23 niliowahamisha wamebaki 17. Watatu walikufa wiki ya kwanza, watatu siku umeme ulipokatika usiku kucha na pampu ya hewa ikasimama. Nilishtuka saa tisa, nikakaa nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mpaka adhana ya alfajiri. Wakubwa waliponea juu ya maji wakihema, hao wadogo watatu hawakuweza.

Tumewapima kwa rula ya Nasra iliyobandikwa nje ya kioo. Mkubwa kuliko wote ni sentimita 2, mdogo ni 1.3, na wamezaliwa alfajiri moja. Naona wakubwa wanawahi chakula, nimeanza kutia pembe mbili ili wadogo wapate. Gapi nao wameonekana vitoto sita kwenye nyuzi, sijui mama ni yupi. Msafishaji amepata bwawa, Chanika alinitumia ujumbe na tukakutana Gongo la Mboto, asante kaka. Na kweli, rangi ya moli imekolea.

Leo ni siku ya 31 kwa moli mama. Tumbo limekuwa mraba, magamba yamelala, nimetazama kwa juu. Kakaa pembeni tangu jana jioni na hajagusa chakula.

Perege wa Chanika
Jumamosi, saa 4:25 asubuhi

Msafishaji anakula vizuri. Ila na mimi naomba jike mmoja wa moli akizaa, nataka nione kwa macho yangu.

Mzee wa Vidimbwi
Jumamosi, saa 4:40 asubuhi

Siku ya 31 na hali chakula. Zima taa ya tenki jioni, kishada cha pili kipo?

Baba Nasra wa Tabata
Jumamosi, saa 4:43 asubuhi

Vipo vitatu. Mke wangu ndiye aliyechambua kamba safari hii, ila ameuliza beseni la pili litakaa wapi, maana la kwanza ni lake la kufulia.